Gesi yaondoka Kilwa, moshi wabaki jikoni

WAKATI gesi asilia ya Songo Songo imekwisha kutimiza zaidi ya miaka 20 tangu ianze kusafirishwa kwa bomba kwenda Dar es Salaam, majiko ya nyumba nyingi za Kilwa na pwani yote ya Lindi bado ni mafiga matatu ya kuni au jiko la mkaa. Wilaya inayotoa gesi ya kufua umeme na kuchoma saruji katika jiji lililo zaidi ya kilomita 200 kutoka Somanga, yenyewe huivisha wali na mihogo yake kwa moshi.

Hali hiyo imezoeleka kuelezwa kwa neno moja: umaskini. Husemwa kwamba mwananchi wa kawaida hawezi kumudu nishati ya kisasa kwa sababu ni ghali, na mjadala huishia hapo. Maelezo hayo yana ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Hesabu ya matumizi ya nyumba inaonyesha kuwa familia nyingi zinazonunua mkaa hulipa kwa mwaka fedha zinazolingana na zile zinazodaiwa kuwa juu ya uwezo wao, na wakati mwingine huzidi. Kinachozishinda ni malipo ya siku ya kwanza.

Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ikakaa chini ya ardhi kwa miaka 30. Mwaka 2004 bomba la kilomita 25 chini ya bahari hadi Somanga Funga, na kilomita 207 nchi kavu hadi Ubungo, lilianza kuifikisha Dar es Salaam, kwanza kwa mitambo ya umeme ya Songas na kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, kisha kwa viwanda vingine. Oktoba 2015 lilizinduliwa bomba la pili, kubwa zaidi, lenye kipenyo cha inchi 36, kutoka Madimba mkoani Mtwara hadi Kinyerezi. Bomba hilo, lililogharimu takriban dola bilioni 1.2 za Marekani, kwa sehemu kubwa zikiwa mkopo kutoka China, limeungwa Somanga na tawi linalotoka Songo Songo.

Mabomba yote mawili hupita katika ardhi ya Kilwa. Ghasia zilizozuka mkoani Mtwara Januari na Mei 2013, zilizosababisha vifo na uharibifu wa mali, zilikuwa na swali moja ndani yake: wenyeji watapata nini? Sehemu ya jibu imekwisha kuonekana katika barabara, vituo vya umeme na ushuru unaoingia halmashauri. Sehemu iliyobaki iko jikoni.

Hesabu ya kopo na gunia

Utafiti wa kitaifa wa upatikanaji wa nishati wa mwaka 2019/20 ulionyesha kuwa asilimia 63.5 ya kaya nchini zilipika kwa kuni, asilimia 26.2 kwa mkaa, asilimia 5.1 kwa gesi ya mitungi na asilimia 3 tu kwa umeme. Serikali imekuwa ikieleza kwamba takriban watu 33,000 hufariki dunia kila mwaka nchini kwa maradhi yanayotokana na moshi wa jikoni. Wengi wanaovuta moshi huo ni wanawake na watoto wadogo waliobebwa mgongoni au wanaocheza karibu na jiko.

Takwimu hizo zimesemwa mara nyingi katika majukwaa. Kisichosemwa mara nyingi ni namna mkaa unavyonunuliwa. Mkaa huuzwa kwa kopo, kwa fungu, kwa debe na kwa gunia. Mwenye fedha hununua gunia, naye hupata nafuu. Asiye na fedha hununua kopo kila jioni, naye ndiye anayelipa zaidi kwa kila kilo. Hata hivyo kopo lina sifa moja ambayo mtungi wa gesi na nguzo ya umeme havina: linaendana na kipato cha siku.

Kwa pwani ya Lindi sifa hiyo si jambo dogo. Mvuvi wa Kilwa Kivinje au Somanga hupata fedha kulingana na bamvua na upepo. Mama anayeuza pweza au mihogo ya kukaanga hupata leo na kutumia leo. Mkulima wa korosho na ufuta huona fedha nyingi kwa mkupuo mmoja au miwili kwa mwaka, baada ya minada, kisha hukaa miezi mingi na fedha kidogo. Nishati inayodai malipo makubwa mwanzoni, tena katika siku isiyochaguliwa na mlipaji, haiwezi kushindana na kopo la mkaa hata kama ni rahisi kwa mwaka mzima.

Mfano mmoja wa hesabu unatosha. Nyumba inayonunua mkaa wa shilingi 1,000 kwa siku hutumia shilingi 365,000 kwa mwaka. Januari 2022, ada ya kuunganishiwa umeme kwa wateja wa mijini walio ndani ya mita 30 bila kuhitaji nguzo ilirejeshwa kuwa shilingi 320,960. Maana yake ni kwamba nyumba hiyo huchoma kila mwaka fedha inayozidi ada ya umeme, na mwaka unaofuata huanza upya bila kubaki na chochote isipokuwa majivu. Lakini mwambie mwenye nyumba huyo atoe shilingi 320,960 kwa siku moja, naye atasema hana. Anasema kweli.

Nguzo na uniti 75

Umeme ndio mfano bora wa jinsi gharama ya kwanza inavyoamua nani apate na nani akose. Kwa bei hizo za Januari 2022, mteja wa mjini anayehitaji nguzo moja alipangiwa shilingi 515,618, na anayehitaji nguzo mbili shilingi 696,670. Kwa vijijini ada ilibaki shilingi 27,000. Nyumba mbili zenye kipato sawa, moja ikiwa upande wa kijiji na nyingine upande wa mji, zikawa na ada zinazotofautiana zaidi ya mara 10. Ndiyo maana suala la maeneo yanayoitwa vijiji-miji, ambayo kwenye karatasi ni mji lakini kwa maisha ni kijiji, lilizua malalamiko bungeni na nje ya Bunge. Miji midogo kama Kilwa Masoko, yenye ofisi za wilaya upande mmoja na mashamba ya minazi upande mwingine, inaijua vema hali hiyo.

Ada si gharama pekee. Kuna nyaya za ndani, soketi, taa na ujira wa fundi. Wakala wa Nishati Vijijini (REA) ulijaribu kupunguza mzigo huo kwa kifaa kiitwacho UMETA, yaani Umeme Tayari, kinachowezesha nyumba ya chumba kimoja au viwili kupata taa na soketi bila kutandaza nyaya nyumba nzima. Ni mfano wa fikra sahihi: kifaa kimefuata ukubwa wa nyumba na mfuko wa mwenye nyumba.

Serikali imetangaza kuwa vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na umeme. Hilo ni jambo kubwa kwa nchi ambayo miaka 20 iliyopita nguzo ilikuwa alama ya mjini. Lakini kijiji kufikiwa hakuna maana kwamba kila kitongoji kimefikiwa, na kitongoji kufikiwa hakuna maana kwamba kila nyumba imeunganishwa. Zaidi ya hapo, nyumba iliyounganishwa hutumia umeme huo kwa taa, simu, redio na runinga. Chakula bado huivishwa nje, kwa mkaa.

Sababu moja iko katika mpangilio wa bei. Kwa bei zilizoidhinishwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) mwaka 2016, mteja mdogo wa kundi D1, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti, ambazo pamoja na kodi na tozo hufikia takriban shilingi 122. Akizidi uniti 75, kila uniti ya ziada huhesabiwa kwa shilingi 350 kabla ya kodi. Akiendelea kuzidi, huhamishiwa kundi T1, ambako uniti ni shilingi 292 kabla ya kodi, sawa na takriban shilingi 356 mkononi mwa mlaji.

Sasa ichukuliwe nyumba inayoamua kuachana na mkaa. Hata ikitumia vyombo vinavyobana umeme, kama sufuria la presha la umeme, na ikatumia uniti mbili tu kwa siku kupikia, hizo ni uniti 60 kwa mwezi. Taa, runinga na friji ndogo ya kugandishia barafu ya samaki zikichukua uniti 20, jumla ni 80. Nyumba iliyotumia uniti 75 ingelipa shilingi 9,150. Nyumba ya uniti 80, ikishahamishiwa T1, hulipa shilingi 28,480. Uniti tano za ziada zimezidisha gharama mara tatu, na sasa umeme unakaribia kabisa shilingi 30,000 za mkaa wa mwezi.

Kwa maneno mengine, mpangilio uliobuniwa kumlinda maskini anayewasha taa unamwadhibu maskini huyohuyo pindi anapotaka kupika. Mpaka wa uniti 75 ulikuwa na mantiki wakati umeme ulikuwa haba na kupikia kwa umeme kulionekana anasa. Mantiki hiyo imepungua nguvu tangu mitambo yote tisa ya Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, yenye uwezo wa megawati 2,115, ilipokamilika mwaka 2025.

Mtungi unaotoka ng'ambo

Wakazi wengi wa mijini hudhani kuwa gesi ya mtungi inayouzwa madukani Nangurukuru au Lindi mjini ina uhusiano na visima vya Songo Songo. Haina. Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propeni na buteni, ambazo hugeuka kimiminika kwa mgandamizo mdogo na hivyo hukaa kwa urahisi ndani ya chuma chepesi. Gesi ya Songo Songo ni metheni. Ili iwe kimiminika, lazima ipoozwe hadi nyuzi 162 chini ya sifuri. Hiyo ndiyo kazi ya mtambo mkubwa uliopangwa kujengwa Likong'o, Lindi, ambao umezungumzwa kwa zaidi ya miaka 10 bila ujenzi kuanza. Hata ukijengwa, shabaha yake kuu ni meli za nje.

Kwa hiyo mtungi unaowaka Kilwa Masoko umetoka ng'ambo kwa meli, ukashushwa bandarini, ukajazwa, kisha ukasafirishwa kwa lori karibu kilomita 300 kuelekea kusini, sambamba na bomba linalopeleka gesi kaskazini. Udhaifu wa mpango huo ulionekana Mei 2024, wakati Kimbunga Hidaya na mvua zake zilipokata barabara kuu katika maeneo ya Somanga. Lindi na Mtwara zilitengwa na Dar es Salaam kwa njia ya barabara kwa siku kadhaa. Bidhaa yoyote inayotegemea lori, ikiwemo gesi ya mtungi, ilikuwa mateka wa makalavati.

Katika kutekeleza sera ya nishati safi, REA iliandaa mitungi 452,445 ya kilo sita kwa bei ya ruzuku, ikiwa ni 3,255 kwa kila wilaya. Mnunuzi hulipa nusu ya bei. Ni hatua njema, lakini inafaa ipimwe kwa ukubwa wa tatizo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu karibu watu laki tatu wilayani Kilwa. Hata ikikadiriwa kuwa kila nyumba ina watu wanne, mgawo huo ni mtungi mmoja kwa kila nyumba 23. Aidha, ruzuku ni ya mara ya kwanza tu. Gesi ikiisha, mwenye mtungi hukutana na bei ya soko, ambayo kwa mtungi wa kilo sita katika miaka ya karibuni imekuwa ikizunguka shilingi 25,000, na zaidi kadiri duka linavyokuwa mbali na barabara kuu. Anatakiwa kuwa na fedha hiyo yote kwa mkupuo, siku ileile gesi inapozimika. Asipokuwa nayo, mtungi huwekwa uvunguni na kopo la mkaa hurudi.

Somo la nchi za baridi

Tatizo hili si la Kilwa peke yake, wala si la maskini peke yao. Nchi tajiri za kaskazini ya dunia zinapambana nalo kwa sura nyingine. Huko adui ni baridi, na nyumba nyingi hupashwa joto kwa gesi au mafuta. Serikali zinataka wananchi wahamie kwenye pampu ya joto, mashine inayofanya kazi kama kiyoyozi kilichogeuzwa: badala ya kutoa joto ndani na kulitupa nje, hukusanya joto lililomo katika hewa ya nje, hata wakati wa baridi, na kulisukuma ndani. Kwa kila uniti moja ya umeme, mashine nzuri hutoa takriban uniti tatu za joto.

Kwa matumizi ya kila siku, mashine hiyo hubana nishati kuliko boila ya gesi. Lakini kuifunga katika nyumba ya Uingereza hugharimu zaidi ya pauni 10,000, mara kadhaa ya bei ya boila mpya. Matokeo yake ni yaleyale: mwenye nyumba anajua kuwa teknolojia mpya ni bora, anaisifu, kisha ananunua ya zamani. Serikali ya Uingereza ililazimika kuongeza ruzuku yake hadi pauni 7,500 kwa nyumba mnamo Oktoba 2023. Ujerumani, kuanzia 2024, iliahidi kubeba hadi asilimia 70 ya gharama kwa baadhi ya wenye nyumba, huku kiasi kinachohesabiwa kwa nyumba ya familia moja kikiwa hakizidi euro 30,000.

Norway, moja ya nchi za baridi kali zaidi Ulaya, ndiyo iliyofika mbali: zaidi ya nusu ya nyumba zake zina pampu ya joto. Kilichoisaidia ni zaidi ya utajiri. Umeme wake wa maporomoko ya maji umekuwa wa bei nafuu, mafuta yalitozwa kodi kubwa, na tangu 2020 kupasha nyumba joto kwa mafuta kulipigwa marufuku. Bei ya kila siku na sheria vilivuta upande mmoja. Mahali ambapo ruzuku imetolewa huku bei ya umeme ikibaki juu mno ikilinganishwa na gesi, kama ilivyokuwa Uingereza, mwendo umekuwa wa kusuasua.

Yako mambo mawili ya kujifunza hapo. La kwanza, hata mtu mwenye mshahara wa Ulaya hushindwa na malipo ya siku ya kwanza. Kumtarajia muuza pweza wa Kilwa ayaweze bila msaada ni kujidanganya. La pili, ruzuku ya kifaa haifiki mbali endapo bei ya kukitumia inamrudisha mtu alikotoka. Mtungi wa nusu bei usiofuatiwa na gesi inayolipika, na sufuria la umeme linaloivusha nyumba uniti 75, vyote viwili huishia pahali pamoja.

Lipo na la tatu, nalo linawahusu wapangaji. Ujerumani, ambako takriban nusu ya watu hukaa nyumba za kupanga, imegundua kuwa mpangaji hawekezi katika nyumba isiyo yake, na mwenye nyumba hawekezi katika nafuu atakayoipata mpangaji. Vyumba vya kupanga vya Kilwa Masoko na Lindi mjini vina tabia ileile. Watumishi, wavuvi wa msimu na wafanyabiashara wadogo hupika kibarazani kwa mkaa kwa sababu mita ya umeme ni ya pamoja na kila anayechomeka jiko huzua ugomvi wa LUKU.

Kilichowezekana kwa shilingi 27,000

Tanzania haihitaji kwenda Norway kutafuta ushahidi kwamba gharama ya kwanza ikiondolewa mambo hubadilika. Ushahidi uko nyumbani. Ada ya umeme vijijini ilipoteremshwa hadi shilingi 27,000, taifa lilikubali kwamba nguzo na waya ni miundombinu ya umma, kama barabara na kisima. Hakuna anayemtaka mkulima wa Kiranjeranje alipe kilomita yake ya lami kabla ya kupita.

Jiko la kisasa bado halijapewa heshima hiyo. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Kabla ya hapo, Serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa kuanzia mwisho wa Januari 2024. Malengo ni mazuri na yana tarehe. Lakini kwa nyumba ya kawaida, lengo bila mpango wa malipo ni tangazo tu.

Misitu nayo haingoji. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, Kilwa ilifunguka kwa biashara, na magogo na mkaa vikapata njia ya haraka kuelekea Dar es Salaam. Wakati huohuo, baadhi ya vijiji vya Kilwa vilijenga mfano unaosifiwa duniani: mwaka 2009, kwa msaada wa shirika la kuhifadhi mpingo lenye makao wilayani humo, misitu ya vijiji kama Kikole na Kisangi ilipata hati ya kimataifa ya uvunaji endelevu. Mpingo unaouzwa kihalali huingizia kijiji fedha ya kuchangia darasa au zahanati. Kila tanuru la mkaa linalowashwa jirani na misitu hiyo ni tishio kwa mapato hayo.

Nani alipe siku ya kwanza?

Njia za kutoka hapa zipo, na hazifanani kwa kila mahali.

Kwa maeneo yenye nyumba zilizobanana, gesi ya bomba ni jambo linalowezekana. Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) limekwisha kuunganisha nyumba Dar es Salaam na Mtwara, na kwa kushirikiana na REA limepeleka mradi wa aina hiyo Mnazi Mmoja, Lindi. Bomba la nyumbani lina faida ya kopo: unalipa unachotumia. Lakini gesi ya bomba kuu iko katika mgandamizo mkubwa, hivyo huhitaji kituo cha kuupunguza, kisha mtandao wa mabomba madogo. Gharama hiyo hugawanyika vizuri pale penye nyumba nyingi, shule za bweni, hospitali na gereza, na hugawanyika vibaya kwa kijiji chenye nyumba zilizotawanyika. Kilwa Masoko, Kivinje na Lindi mjini zina haki ya kuwekwa mbele ya foleni. Kuviahidi vijiji vyote bomba ni kuviahidi visichoweza kupata.

Kwa waliobaki, umeme ndio njia fupi, kwa sharti kwamba mpaka wa uniti 75 urekebishwe. Liko wazi kwa EWURA na TANESCO kupandisha mpaka huo kwa nyumba zinazothibitika kupikia umeme, au kuweka bei ya kati isiyomrusha mteja kutoka shilingi 122 hadi 356 kwa kosa la uniti tano. Umeme wenyewe nao lazima uwe wa uhakika. Mama aliyeharibikiwa na chungu cha maharage kwa sababu ya kukatika umeme harudii mara ya pili.

Kuhusu mitungi, teknolojia ya kulipa kadiri unavyotumia haikuagizwa kutoka mbali. Kampuni ya KopaGas ilianzia Dar es Salaam na mita inayofungwa juu ya mtungi, mteja akilipia gesi ya shilingi chache kwa simu, kama anunuavyo LUKU. Teknolojia hiyo ilinunuliwa na kampuni ya Circle Gas ya Uingereza mwaka 2020. Ruzuku inayotolewa kwa chuma cha mtungi ingeweza kutolewa kwa mita hiyo, na kopo la mkaa likapata mshindani wa saizi yake.

Swali la fedha lina majibu ya karibu kuliko inavyodhaniwa. Halmashauri ya Wilaya ya Kilwa hupokea ushuru wa huduma kutokana na gesi inayochimbwa Songo Songo. Sehemu ya fedha hiyo ingeweza kuwa mfuko unaozunguka wa kulipia ada, vifaa na nyaya, mwananchi akarejesha kidogo kidogo kupitia LUKU. Kwa wakulima, chama kikuu cha ushirika cha Lindi Mwambao na vyama vya msingi vilivyo chini yake tayari hukata madeni ya pembejeo katika malipo ya ufuta na korosho. Sufuria la presha halina ugumu kuliko mfuko wa salfa.

Hatari ipo. Mifuko ya mikopo ya halmashauri imewahi kukopeshwa kwa watu wasiorejesha na kwa vikundi hewa, na ruzuku yoyote huvutia mikono isiyohusika. Mkopo unaokatwa kwenye LUKU au kwenye mnada angalau hauhitaji mtu wa kuufukuzia. Viongozi wa vijiji na madiwani watakuwa na wajibu wa kubandika hadharani majina ya waliopata, kama wanavyobandika mapato na matumizi.

Kwa miaka 20 pwani ya Lindi imeambiwa isubiri: kwanza bomba, kisha bomba la pili, kisha mtambo wa Likong'o. Katika muda huo huo nyumba iliyonunua mkaa wa shilingi 1,000 kwa siku, kwa thamani ya fedha ya leo, imekwisha kuchoma zaidi ya shilingi milioni saba. Fedha ya kubadilisha jiko ilikuwepo siku zote, ikitoka mfukoni kopo kwa kopo. Kilichokosekana ni mtu wa kuitanguliza.